Injinia Asiye na Slipu

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, lori la kiwanda lilisimama nje ya ploti ya vyumba vya kupanga hapo Ruiru na kupiga honi mara mbili. Wafanyakazi walitoka mbio, wengine bado wakitafuna, wakapanda nyuma. Lori liliwapeleka hadi Eneo la Viwanda la Thika bila kuwatoza hata ndururu. Gichuru hakupanda. Alisimama mlangoni akifunga tai, akalitazama likiondoka, kisha akaenda stendi kulipa nauli kama tajiri.

"Injinia hapandi lori," alimwambia mkewe, Warigia.

Warigia alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye alikuwa ameinama akitafuta soksi isiyo na tundu. Katika nyumba hiyo soksi zilikuwa na maana zaidi kuliko sukari. Chumba cha kompyuta kule kiwandani kilitandikwa zulia, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni asije akaingiza vumbi la pamba. Gichuru alishinda na soksi kutwa nzima. Soksi ikitoboka, wakubwa wangekiona kidole gumba cha injinia.

Huo ulikuwa mwaka wa 1997. Watu wengi wa Thika walikuwa hawajawahi kuigusa kompyuta. Kiwanda hicho cha nguo kilikuwa nazo tano. Zilipokwama, Gichuru alizikwamua. Zilipoingiwa na virusi kutoka kwa disketi za makarani, Gichuru alizisafisha. Umeme ulipopotea na kurudi kwa ghafla, Gichuru ndiye aliyekimbia kuona ni ipi iliyoungua. Kila mwisho wa mwezi alikaa kando ya printa yenye makelele akachapa slipu za mshahara za watu mia nne. Kiwanda kizima kilimwita Injinia. Jina hilo lilimwingia kichwani na kukaa humo.

Na mshahara wa huyo injinia? Shilingi elfu tatu na mia mbili. Kodi ya chumba ilikuwa mia tisa. Nauli ya Ruiru hadi Thika na kurudi ilimeza elfu moja na zaidi. Iliyobaki ndiyo ilikuwa ya unga, sukuma wiki, mafuta ya taa, sabuni na ada ya shule ya nasari ya Waceke, binti yao wa miaka minne. Ilipofika tarehe kumi na tano Warigia alianza kukopa chumvi kwa majirani, na wao walimcheka. Mke wa injinia anakopa chumvi!

Lakini si chumvi iliyomkosesha raha Warigia. Waceke alizaliwa kwa upasuaji, wakati Gichuru hajapata kazi hii. Bili ya hospitali ilipowashinda, Warigia alizuiliwa wodini siku ishirini na tatu. Alikuwa amepona, mtoto alikuwa mzima, lakini askari wa lango alikuwa na jina lake kwenye karatasi. Alilala na mtoto wake pamoja na mama mwingine kitanda kimoja. Chakula cha wagonjwa kilipofika, wauguzi waliwahudumia kwanza waliolipa. Alitoka siku Gichuru alipoiuza cherehani ya mkewe huyo. Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hakupata nyingine.

Sasa muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia waziwazi. "Huyu pia atatoka kwa upasuaji, mama. Mzee wako ameandikwa kazi?"

"Ameandikwa. Ni injinia."

"Basi lete kadi ya bima ya hospitali. Isikose."

Jioni hiyo Warigia alimuuliza mumewe. "Baba Waceke, kadi yetu ya hospitali iko wapi?"

"Inashughulikiwa."

"Na nani? Miaka mitatu sasa!"

"Sisi wa ofisini mambo yetu hushughulikiwa Nairobi. Hatuko kwa listi ya hawa wa mashine. Tulia, mama."

Warigia hakutulia. Usiku na mchana aliliona lile lango la hospitali.

Jumapili iliyofuata alikuwa akifua nguo kwenye mfereji wa ploti pamoja na Fatu. Fatu alipanga chumba cha nne. Alikuwa ameendesha mashine ya uzi katika kiwanda hichohicho kwa miaka tisa, na wafanyakazi wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi. Alikuwa mama wa maneno machache, na mara nyingi maneno hayo yalikuwa makali.

"Mama Fahim," Warigia alimwambia Fatu, "hiyo kadi ya bima ya hospitali huchukua muda gani kutoka Nairobi?"

"Nairobi ya nini? Angalia slipu ya mzee. Kama anakatwa pesa ya bima, kadi ipo. Kama hakatwi, hakuna."

"Slipu sijawahi kuiona. Yeye hupewa bahasha, anasaini vocha ya kupokea pesa, basi."

Fatu aliacha kukamua shuka. "Ati nini? Gichuru hana slipu? Si yeye ndiye hutuchapia zetu?"

Alianza kucheka, akauona uso wa Warigia, akaacha.

"Sikiza, dada yangu," alisema. "Anayelipwa kwa vocha kutoka kwa sanduku la pesa ndogo ndogo, hayuko kwenye kitabu cha mishahara. Kwa kampuni huyo ni kibarua. Hana bima, hana akiba ya uzeeni, hana likizo, hana posho ya nyumba."

"Kibarua? Na ile tai?"

"Tai alijinunulia mwenyewe, ama walimpa?"

Warigia alijua jibu. Tai hiyo Gichuru alijinunulia mwenyewe, mtumba, shilingi ishirini.

Fatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza polepole. Kibarua ni mtu wa siku moja. Anaitwa asubuhi, analipwa jioni, na mambo yanaishia hapo. Mtu anayeingia kwa lango lilelile kila siku, mwezi baada ya mwezi, si kibarua hata wakimwita hivyo. Mwajiri anatakiwa kumwandikia barua ya kazi. Anatakiwa kumpa nyumba ya kuishi au posho ya nyumba juu ya mshahara. Serikali nayo hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila kazi na kila mahali. Hakuna mwajiri mwenye ruhusa ya kwenda chini ya hapo.

"Cheo hakiingii kwa sufuria," Fatu alimalizia. "Mwambie aulize kwa maandishi. Aandike barua, abaki na nakala. Wakikataa, aende Ofisi ya Leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, hapo Thika. Halipi kitu."

Warigia alipompelekea mumewe maneno hayo, Gichuru aliwaka moto.

"Fatu! Fatu anajua nini? Yeye ni wa kushika uzi! Unataka mimi niingie chama na watu wa kupanda lori?"

"Nataka kadi, Gichuru. Nataka nizae nirudi nyumbani."

Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Kesho yake Gichuru alikwenda kwa meneja, Bwana Muigai, lakini hakuandika barua. Alizungumza kwa mdomo, tena kwa kujikunyata. Alirudi nyumbani anameremeta.

"Nimeongea na yeye kama mtu na ndugu yake," alisema. "Ameniambia, 'Injinia, wewe ni mtu wetu, bila wewe hii kampuni inalala.' Mama Waceke, nimepandishwa cheo! Wameniwekea kibao mlangoni. Meneja wa Kompyuta."

"Na pesa?"

"Pesa itafuata."

"Na kadi?"

Gichuru alifungua kifungo cha shati.

"Basi kesho uniletee hicho kibao," Warigia alisema. "Unielekeze nikichemshe kwa saa ngapi ndiyo kiive."

Walikuwa wamemvika mumewe kilemba cha ukoka, naye alikuwa amekwenda nacho kwa furaha hadi nyumbani. Warigia alilia siku hiyo, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, akikoroga uji.

Wiki iliyofuata alimwacha Waceke kwa jirani, akakopa nauli, akaenda Thika mwenyewe. Ofisi ya Leba ilikuwa na benchi refu lililojaa watu. Ofisa aliyempokea aliitwa Selpha, mama wa makamo aliyevaa sweta la kijani. Alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Mama, ninakuamini," Selpha alisema. "Lakini siwezi kupokea malalamiko ya mtu ambaye hajalalamika. Mwenye kazi aje mwenyewe."

"Hatakuja. Anaona aibu."

"Wote huona aibu, hasa hawa wenye tai. Akikubali, alete vocha zake, kadi ya kuingilia langoni, na karatasi yoyote yenye jina lake. Asilete za watu wengine. Anachapa slipu za watu, si ndiyo? Hizo asiziguse. Watamfukuza kwa wizi wa karatasi, na hapo hata mimi sitaweza kumsaidia."

Warigia alirudi Ruiru na maneno hayo. Aliyaweka moyoni. Mimba ilikuwa imefika miezi sita.

Aliyemwamsha Gichuru hakuwa mkewe wala Fatu. Alikuwa mfagiaji wa chumba chake mwenyewe.

Mfagiaji huyo aliitwa Mbaluka, mzee asiyejua kusoma vizuri. Siku ya mshahara aliingia chumba cha kompyuta, akavua viatu, akamnyooshea Gichuru slipu yake kwa mikono miwili.

"Injinia, nisomee hapa. Walisema wataongeza posho ya nyumba. Wameongeza?"

Gichuru alikuwa amechapa slipu kwa miaka mitatu bila kusoma hata moja. Aliona ni vibaya kuchungulia pesa za watu, na kwa hilo alikuwa mtu muungwana. Sasa alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Mshahara, elfu tatu na mia moja. Posho ya nyumba, mia saba. Bima ya hospitali, imekatwa. Akiba ya uzeeni, imekatwa. Hata baada ya makato, Mbaluka alimshinda Meneja wa Kompyuta kwa mia tatu na zaidi. Na alikuja kazini kwa lori, bure.

"Asante sana, Injinia," Mbaluka alisema akiikunja slipu yake. "Sisi ni hivi vidogo vidogo tu. Yako si ni kama mara tatu ya hii?"

Mzee huyo hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kwa heshima.

Jioni hiyo Gichuru alirudi kwa lori. Warigia alimwona akishuka nyuma, vumbi la pamba limemjaa nywele, tai imekunjwa mfukoni. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akamsimulia mkewe yote kuhusu Mbaluka. Kisha akasema, "Zile vocha uliziweka wapi?"

Warigia alivuta mkebe kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na nakala za njano, moja kwa kila mwezi. Zilipaswa kuwa thelathini na sita. Zilikuwa thelathini na nne, maana mbili kati yake Warigia aliwahi kuwashia jiko.

Gichuru aliandika barua kwa meneja usiku huohuo, na Fatu akaisoma kabla haijapelekwa. "Toa hapa uliposema 'naomba kwa unyenyekevu mkubwa,'" Fatu alisema. "Sema tu 'naomba.'" Gichuru alifuta. Wiki mbili zilipita bila jibu. Basi alichukua nakala ya barua, mkebe na kadi ya langoni, akaenda kwa Selpha. Selpha aliiita kampuni kwa maandishi.

Siku ya kikao Warigia alikwenda pia, tumbo limetangulia. Alikaa pembeni, karibu na mlango. Bwana Muigai alikuja na faili jembamba, akatabasamu kwa wote.

"Mheshimiwa, hapa hakuna kesi," alisema. "Huyu kijana ni kibarua tu. Tunamwita kukiwa na kazi."

Kibarua tu! Wiki chache zilizopita alikuwa ndugu yake, mtu wao, ambaye bila yeye kampuni inalala. Warigia alimtazama mumewe. Gichuru alikuwa amevikazia macho viatu vyake, shingo imelegea. Warigia alikuwa amemkasirikia mumewe kwa miezi mingi, lakini wakati huo alitamani kusimama ampige Muigai kwa mkoba. Alimwonea mumewe huruma.

Selpha alizipanga vocha mezani. Zilijaa meza yote.

"Huyu kibarua mmemwita miezi mingapi mfululizo, Bwana Muigai?"

Muigai alianza kupekua faili lake.

"Na mlango wa chumba chake una kibao kinachosema nini?"

Muigai aliacha kutabasamu. Selpha alimweleza kwa upole kwamba anaweza kuendelea kubishana hapo, au aende akabishane mahakamani na vocha thelathini na nne. Muigai aliomba muda. Siku ya tatu wote walikutana tena, naye akaja na karatasi. Gichuru angeandikwa rasmi, apewe slipu kila mwezi, posho ya nyumba, bima ya hospitali na akiba ya uzeeni. Kuhusu miaka iliyopita, kampuni ingelipa posho ya mwaka mmoja tu.

"Umefanya mitatu," Selpha alimwambia Gichuru. "Ukitia sahihi hapa, hiyo mingine umeisamehe. Una haki ya kukataa tuendelee mbele."

"Kuendelea huchukua muda gani?"

"Siwezi kukudanganya. Mwaka. Pengine zaidi."

Gichuru aligeuka akalitazama tumbo la mkewe. Kisha akatia sahihi. Miaka miwili ya jasho lake ikapotea hapo juu ya meza, na hakuna aliyesema pole. Angeuliza mwezi wa kwanza wa kazi, asingelazimika kusamehe kitu. Warigia hakumwambia hivyo. Alijua kwamba mumewe analijua hilo.

Kibao kiling'olewa mlangoni kesho yake. Bwana Muigai hakumwita tena Injinia, wala hakumwita kwa jina lingine lolote. Kwenye slipu kazi yake iliandikwa "karani wa mashine". Alipoichapa slipu yake ya kwanza, Gichuru aliisubiri itoke kwa printa, akaikata kwa rula, akaiweka mfukoni. Aliileta nyumbani kwa lori. Mshahara ulikuwa umepanda kidogo, posho imeongezwa, na ile elfu moja ya nauli ilibaki mfukoni. Tarehe kumi na tano ilifika na chumvi bado iko. Kadi ya bima ilitoka wiki tatu kabla ya Warigia kujifungua.

Alizaa mtoto wa kiume, kwa upasuaji, kama alivyoambiwa. Siku ya nane daktari alimruhusu. Gichuru alikwenda kwenye dirisha la malipo na kadi. Haikulipa kila kitu, lakini ililipa sehemu kubwa, na iliyobaki walilipa kwa ile posho ya mwaka mmoja. Hakukuwa na cherehani ya kuuza tena, na haikuhitajika.

Warigia alikuwa akikunja khanga zake pale mama wa kitanda cha pili alipoanza kumtazama. Aliitwa Maggie. Alikuwa ameruhusiwa na daktari siku kumi na mbili zilizopita, na bado yuko. Mtoto wake alikuwa akinyonya titi lisilo na kitu.

"Wewe unaenda?" Maggie aliuliza.

"Naenda. Mzee wako hufanya kazi wapi?"

Maggie alijiinua kidogo kwenye mto. "Ni supavaiza kwa shamba la maua. Si kibarua. Ako na watu thelathini chini yake, na redio ya kuongea."

"Ana slipu ya mshahara?"

"Hao wa cheo chake hawapewi hivyo vitu. Mambo yao hushughulikiwa ofisini."

Warigia alihisi damu ikimpanda. Alitaka kumshika mabega amtikise. Alitaka pia kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu mshono ulikuwa bado unamuuma.

"Mimi nilikaa wodi kama hii siku ishirini na tatu," alisema. "Nilikuwa naongea vilevile kama wewe."

Maggie aligeukia ukutani. Warigia alimfunika mtoto, akaitwaa karatasi ya kutokea, akaanza kwenda polepole akishikilia tumbo. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Mama Waceke!"

Aligeuka. Maggie alikuwa ameketi, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Hiyo slipu akikosa, mtu huenda wapi?"

Warigia alirudi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akampakata mtoto vizuri, akaanza kumwelekeza: Thika, Ofisi ya Leba, vocha zote, kadi ya langoni, na aende mwenyewe mwenye kazi. Gichuru alikuwa akimsubiri nje na jua limekuwa kali, lakini Warigia hakuinuka mpaka Maggie alipoyarudia yote bila kukosea.